Lugha ya Mwalimu katika Zoezi la Kugawanya kwa Njia Ndefu

1. Utangulizi

Tangu mwaka 1967 Kiswahili kimekuwa lugha ya kufundishia katika shule za msingi za serikali nchini Tanzania. Istilahi za hisabati zinapojadiliwa, aghalabu huchukuliwa kama orodha ya nomino: kigawo, kigawe, baki na nyinginezo. Makala hii inatazama jambo jingine, nalo ni maneno ayatamkayo mwalimu ubaoni wakati watoto wanapofuata hatua za kugawanya. Tunadai kwamba baadhi ya makosa ya watoto huanzia katika maneno hayo.

2. Thamani ya nafasi

Tuchukue 952 ÷ 7. Hatua zake huweza kutamkwa hivi: "Tisa kwa saba, moja, baki mbili, shusha tano, ishirini na tano kwa saba, tatu, baki nne, shusha mbili, arobaini na mbili kwa saba, sita." Jibu, 136, ni sahihi. Hata hivyo, "tisa" hiyo ni mia tisa, na "ishirini na tano" ni makumi. Aidha, maneno yenye asili ya Kiarabu kama ishirini na arobaini hayamwonyeshi mtoto kumi lililomo ndani yake. Kiswahili cha darasani kina njia iliyo wazi zaidi: mamia, makumi, mamoja. Kwa njia hiyo mwalimu angesema:

"Mamia tisa tuyagawe mafungu saba. Kila fungu lipate mia moja. Yabaki mamia mawili, yaani makumi ishirini. Tuongeze makumi matano, yawe makumi ishirini na matano. Kila fungu lipate makumi matatu; yabaki makumi manne, yaani mamoja arobaini. Tuongeze mamoja mawili, yawe arobaini na mawili. Kila fungu lipate mamoja sita."

3. Kitenzi "shusha"

"Shusha" hueleza mwendo wa chaki, wala si mabadiliko ya kiasi. Udhaifu wake hudhihirika katika 618 ÷ 6. Mtoto husema "sita kwa sita, moja", hushusha 1, huona haitoshi, hushusha 8, kisha huandika 13. Aliyezoea kutaja nafasi atasema kwamba kumi moja halitoshi kuyapa mafungu sita kumi zima kila moja. Kwa hiyo nafasi ya makumi ni 0, na kumi hilo linavunjwa kuwa mamoja kumi. Mamoja hayo pamoja na nane ni kumi na nane, na jibu ni 103. Kinga nyingine ni kuzidisha: 13 × 6 ni 78, kiasi kilicho mbali mno na 618.

4. "Kwa saba" ina maana gani?

Usemi "gawanya kwa saba" unabeba maana mbili ambazo sarufi ya Kiswahili inaweza kuzitenganisha. Maembe 42 yakiwekwa katika *mafungu saba*, jibu 6 ni maembe ya kila fungu. Yakiwekwa katika *mafungu ya saba saba*, jibu 6 ni idadi ya mafungu. Takriri ya "saba saba" ndiyo inayobainisha. Maelezo ya sehemu ya 2 yamejengwa juu ya maana ya kwanza; mwalimu akichanganya zote mbili katika swali moja, mtoto hupoteza picha ya kinachogawanywa.

5. Hitimisho

Huenda ikapingwa kwamba maelezo marefu hupoteza muda wa kipindi. Pingamizi hilo lina uzito, na hatupendekezi yatumike daima. Tunapendekeza mazoezi yaanze na namba za tarakimu tatu zinazogawanywa kwa tarakimu moja, katika safu zenye vichwa vya mamia, makumi na mamoja, na mtoto ataje kila hatua kwa ukamilifu. Pindi awezapo kueleza kwa nini sifuri imeandikwa, na aachiwe ufupisho wa "shusha". Hapo utakuwa ufupisho wa jambo analolielewa. Mzigo huu si wa mwalimu wa hisabati peke yake: wanaisimu nao wana wajibu wa kuchunguza vitenzi na miundo ya sentensi za darasani kwa makini yaleyale wanayoyaelekeza kwenye istilahi.