Nani Kamtisha Nani? Tulisome Vizuri Neno "Intimidate"

Mwaka jana tulikuwa wanafunzi sita tulioandika barua ya malalamiko kwa Kiingereza. Sentensi ya kwanza ilisema: "The lecturer intimidates us." Tulipoitwa ofisini tukaulizwa swali moja tu: "Aliwafanya nini?" Tukabaki kutazamana. Mmoja akasema ana sauti nzito. Mwingine akasema hacheki. Barua ikarudishwa. Tangu siku hiyo nikaanza kulichunguza neno lenyewe.

Asili yake ni Kilatini, "timidus", yaani mwoga. Humo humo ndimo limetoka "timid". Kwa hiyo kwa mzizi wake, "intimidate" ni kumfanya mtu awe mwoga. Lakini si kila hofu inaitwa hivyo. Nyoka akikatiza chumbani hosteli, sema "The snake frightened me" au "scared me". Nyoka hana haja na wewe, anatafuta njia yake tu. Anaye-intimidate kwa kawaida ana nguvu, cheo au vitisho, na anavitumia ili ufanye jambo fulani au uliache. Ndiyo maana neno hili linasikika sana kwenye habari za mashahidi na wapiga kura: "They intimidated the witness into silence." Itazame hiyo "into": hofu imetiwa, na shahidi amenyamaza. Kwa Kiswahili hapo tungesema kutishia, si kutisha tu. Simba anatisha. Mwenye cheo anatishia.

Sasa njoo kwenye "intimidating". Hili ni jepesi zaidi, halidai mkosaji. "The exam room is intimidating" ni sentensi sahihi kabisa, ingawa chumba hakijamkosea mtu. Na ukieleza hofu yako mwenyewe sema "I was intimidated". Ukisema "I was intimidating", umetangaza kwamba wewe ndiye uliyekuwa unatisha watu! Kosa hili nimelisikia darasani zaidi ya mara moja.

Kuna maneno ya hofu yaliyogeuka kuwa sifa. "Terrific" ni ndugu wa "terror", lakini leo maana yake ni safi sana, kama sisi tunavyompongeza mtu kwa "Umetisha!" "Intimidate" halijageuka. Ukiliandika kuhusu mtu, unamshtaki.

Turudi kwenye barua yetu. Mwalimu mwenye sauti nzito ni "intimidating", basi. Kumbe kati yetu sita alikuwepo dada mmoja ambaye siku ile ofisini hakufungua mdomo. Yeye aliambiwa kwamba akiendelea kuulizia alama zake, somo atalirudia. Hiyo ndiyo "intimidation" yenyewe: kuna mwenye nguvu, kuna kitisho, kuna anachotaka. Na sisi tuliifukia chini ya sauti nzito na kutocheka.

Tukaandika upya, safari hii kwa ridhaa yake: nani alisema, alisema nini, siku gani, alitaka nini. Hatukuulizwa tena "Aliwafanya nini?" Tuliulizwa, "Nani mwingine alisikia?"

Kwa hiyo wenzangu, kabla hujaliandika neno hili jiulize: je, mtu huyu ananitisha tu, au ananitishia ili nifanye kitu? Kama ni la kwanza, tumia "intimidating" na uendelee na masomo. Kama ni la pili, liandike bila woga, na maneno aliyoyasema uyaweke hapo hapo chini yake.