Kurudi Darasani Siyo Aibu

Kijana mwenzangu, labda uliacha shule na bado moyo unatamani uuguzi. Tangu Novemba 2021 serikali imeruhusu waliokatiza masomo, hata wasichana waliopata ujauzito, kurudi shule. Kinachobaki ni aibu: "Nitakaaje na watoto?"

Mt. Inyasi wa Loyola alikaa nao. Mwaka 1524, akiwa na miaka kama 33, alianza kusoma Kilatini kule Barcelona, na mwalimu Jeronimo Ardèvol alimfundisha bure.

Katika falsafa nilikutana na fundisho la Mt. Tomaso wa Akwino: mwalimu anafanana na daktari. Daktari husaidia mwili upone. Mwalimu husaidia akili ielewe yenyewe. Kwa hiyo mwalimu anayekurudishia Kemia mara ya tatu bila kukudharau, tayari anakufundisha namna ya kumhudumia mgonjwa.

Mgonjwa wa Tosamaganga au wa Rufaa Mbeya hamuulizi muuguzi alimaliza kidato cha nne na miaka mingapi. Anataka mkono unaojua kazi, wenye huruma.

Wiki hii sali, kisha mfuate mwalimu mmoja unayemwamini, umwambie nia yako. Na wewe unayeijua Kemia, jirani yako anakuhitaji.