Ukiona Vyaelea, Vimeundwa
(Somo la kujadili kikundini)



Katika ziara zetu, akina mama wa kikundi kimoja cha kudarizi vitambaa walitueleza shida yao. Sanduku limejaa vitambaa, wanunuzi wamepungua. Maua ni yale yale, na kila meza sokoni ina kama hayo. Mama mmoja akasema, "Siku hizi ubunifu uko kwa kompyuta. Sisi wa sindano tumeachwa."

Je, ni kweli? Hebu tuangalie baadhi ya picha za kompyuta na za michezo ya video zilivyochorwa.

1. Picha za daftari la miraba

Mwaka 1984 kampuni ya Apple ya Marekani ilitoa kompyuta iitwayo Macintosh. Msanii Susan Kare ndiye aliyechora vipicha vyake, ili mtu aelewe kwa kutazama tu, bila kukariri maneno ya amri. Saa ya mkono ilimaanisha subiri. Ndoo inayomwaga rangi ilimaanisha paka rangi.

Nafasi ilikuwa finyu. Kipicha kimoja kilikuwa na miraba 32 kwenda chini na 32 kwenda kando, yaani 1,024 tu. Tena kila mraba ulikuwa mweusi au mweupe, basi.

Mama huyu alianza na nini? Daftari la miraba na kalamu! Alijaza mraba mmoja mmoja. Kazi yenyewe haikuwa ngeni kwake, kwa sababu alikuwa amewahi kudarizi kwa kuhesabu nyuzi, na kupanga vijiwe vya rangi kuwa picha. Kwa hiyo sindano haikuachwa na kompyuta. Ilimsaidia kuingia.

2. Kofia na masharubu

Mwaka 1981 kampuni ya Nintendo ya Japani ilitoa mchezo wa video uitwao Donkey Kong. Mbunifu wake, Shigeru Miyamoto, alitaka kuchora mtu kwa nukta chache sana. Nywele zilikuwa ngumu kuchora, akamvika kofia. Mdomo haukuonekana vizuri, akampa pua kubwa na masharubu. Mikono ilipotea mwilini, akamvalisha ovaroli, ndipo ikaonekana ikisogea. Mtu huyo ndiye Mario, anayejulikana duniani kote kwa kofia, masharubu na ovaroli. Yote matatu yalitokana na upungufu!

3. Tunajifunza nini?

Hatusemi upungufu ni mzuri. Mkipata vifaa bora, vitumieni. Lakini wawili hawa hawakukaa kungoja. Walijiuliza: kitu gani lazima kibaki, na kipi kiondoke? 

4. Zoezi

- Kila mmoja achukue karatasi ya daftari la hesabu, apige mpaka wa miraba 32 kwa 32. Karatasi ikiwa ndogo, unganisheni mbili.
- Achore kitu cha hapa kwetu kwa kujaza miraba: jiko la makaa, kuku, mtungi. Maua tuyapumzishe leo.
- Awaonyeshe wenzake bila kusema ni nini. Wakishindwa kutambua, asieleze. Afute, achore upya. Picha inayohitaji maelezo bado haijaiva.
- Chagueni moja, darizi니 kitambaa kimoja tu, mkipeleke sokoni. Sikilizeni wanunuzi kabla ya kudarizi kumi.

5. Maswali ya kujadili

- Ni kazi gani tumeiacha tukingoja vifaa au mfadhili?
- Ni ujuzi gani wa mikono tunaoudharau kwa kuwa ni wa zamani?
- Kijana anayechora daftarini nyumbani, tunamgombeza au tunamwita kikundini?

Tukija tena, tutaomba kuona daftari zenu kwanza, halafu sanduku.