Somo la Mwisho wa Mwaka: Kukua Katika Mwaka Mbaya



Mwaka 2025 ulianza na habari nzito: mwezi wa Januari M23 waliteka Goma, Februari Bukavu. Nasi wa Kabalo hatujasahau 2016 na 2017, vijiji vya Tanganyika vilipochomwa katika vita vya Batwa na Waluba.

Je, mtu aweza kukua kiroho katika nyakati kama hizi? Ndiyo. Nabii Simon Kimbangu alihubiri miezi michache tu mwaka 1921, kisha akafungwa miaka 30, huku kwetu Katanga, hata akafa Elisabethville tarehe 12 Oktoba 1951. Serikali haikubadilika, mlango haukufunguliwa. Lakini imani yake haikufungwa.

Basi tusiupime mwaka kwa habari za redio. Kila mmoja ajiulize:

1. Niliposikia uvumi juu ya kabila lingine, niliuzima au niliupeleka sokoni?
2. Mkimbizi alipobisha hodi kwangu, alipata nini?
3. Mwaka huu nimemsamehe nani?

Anayeweza kujibu bila aibu amekua, hata kama nchi ingali inatikisika. Amina.