Mafunzo Niliyopata Kwenye Meza ya Kuonjea Kahawa

Kazi yangu ni kuonja kahawa kabla haijanunuliwa. Vikombe hupangwa mstari, kahawa iliyosagwa humwagiwa maji ya moto na kuachwa dakika nne, kisha utando ulioganda juu huvunjwa kwa kijiko, pua ikiwa karibu kabisa na kikombe. Harufu inayotoka hapo hueleza mengi kuhusu shamba. Haya ndiyo niliyojifunza.

1. Uliza mwinuko kabla ya mkoa

"Kahawa ya Kilimanjaro" ni jina pana mno. Mlima ule una mibuni kuanzia mashamba ya chini, karibu mita 1,000, hadi vihamba vya juu vinavyokaribia msitu. Kila ukipanda mita 1,000, joto hupungua kwa nyuzi kama 6. Kwenye baridi tunda huiva taratibu na punje hukaza. Kikombeni unapata uchachu safi, na utamu unaobaki ulimini baada ya kumeza. Kahawa ya chini huiva haraka na mara nyingi ladha yake hupooza, ijapokuwa jina kwenye gunia ni lile lile.

2. Usiipime Bukoba kwa kipimo cha Moshi

Kahawa ya Moshi, chini ya Kilimanjaro, ni arabika; ya Bukoba ni hasa robusta, mwenyeji wa ukanda wa Ziwa Viktoria, inayostawi kwenye joto ambalo arabika hailipendi. Wahaya waliitafuna na kumkaribishia mgeni tangu kabla ya ukoloni. Kafeini yake ni karibu mara mbili ya arabika, na kinywani ni nzito. Anayeitafutia uchachu wa milimani anaionea. Ikichumwa mbivu na kuanikwa vizuri, hunukia kakao na nafaka iliyokaangwa.

3. Mbegu na udongo havitenganishwi

Mwaka 1931 mbegu zilichukuliwa Monduli, Tanganyika, kutoka kwenye mibuni iliyoonekana kuhimili ukame. Mwaka 1935, kituo cha utafiti cha Scott Laboratories cha Kenya kikachagua kutoka uzao huo mti uliozaa aina ya SL28. Leo ukiitaja SL28, waonjaji huwaza Nyeri na Kirinyaga, penye udongo mwekundu wa volkano, na uchachu wake mkali wenye ladha ya matunda. Anayesema udongo ndio kila kitu, mwulize kapanda mbegu gani. Anayesema mbegu ndiyo kila kitu, mwulize kaipanda wapi.

4. Maji huamua namna ya kuandaa

Harar, mashariki mwa Ethiopia, maji ni haba, hivyo matunda huanikwa mazima. Punje hukauka ndani ya nyama ya tunda, na kahawa hutoka na ladha ya tunda lililoiva kupita kiasi. Kilimanjaro kuna vijito, na mifereji ambayo Wachaga waliichimba zamani; huko kahawa humenywa, ikavundikwa, ikaoshwa, na kikombe huwa safi zaidi. Sehemu kubwa ya tunachokiita ladha ya mahali ilianzia kwenye maji.

5. Mlima hautetei uzembe

Minya tunda bivu: punje mbili huchomoka zikiwa na ute mtamu unaoteleza vidoleni. Matunda hayo yakilala ndani ya gunia yakisubiri mashine, ute huanza kuchachuka na joto hupanda humo ndani. Wiki kadhaa baadaye mezani unakutana na harufu ya siki. Hapo mita 1,800 hazisaidii kitu.

6. Ukichanganya, umefuta shamba

Kahawa maalumu ni ile inayopata alama 80 au zaidi kati ya 100. Kahawa ya mashamba ya juu ikimwagwa rundo moja na ya chini, kikombe huwa cha wastani na bei pia. Chama cha msingi cha wakulima kinachotenga kahawa ya kila kitongoji kina cha kumwonyesha mnunuzi, na kina sababu ya kumlipa mkulima kwa kazi yake. Mkulima wa juu anayechuma mbivu tu, akilipwa sawa na anayechuma mbivu na mbichi pamoja, naye atachuma pamoja msimu ujao.