Afisa Aliyefunzwa Kuhusu Tabianchi: Mwananchi Adai Nini?

Sheria ya Mabadiliko ya Tabianchi ya mwaka 2016 inaitaka kila taasisi ya umma nchini Kenya ijue wajibu wake wakati wa ukame, mafuriko na joto kali. Ndiyo maana wahandisi, wauguzi, maafisa wa bajeti na wa kilimo wanaitwa kwenye mafunzo. Haya hapa ni majibu ya maswali ambayo wananchi huuliza kuhusu jambo hili.

Tabianchi ni nini?

Hali ya hewa ni mvua ya leo au jua la kesho. Tabianchi ni mwenendo wa mvua, joto na upepo mahali fulani, unaopimwa kwa miaka 30 au zaidi, na sasa unabadilika hasa kwa sababu ya gesi zinazotokana na kuchoma mafuta, makaa ya mawe na misitu. Kuanzia mwishoni mwa 2020 hadi 2022, maeneo makame ya kaskazini na mashariki mwa Kenya yalikosa mvua ya kutosha misimu mitano mfululizo. Kisha mafuriko ya masika ya 2024 yakaua zaidi ya watu 200 nchini.

Hii si kazi ya wizara ya mazingira? Mhandisi wa barabara anafunzwa ya nini?

Mhandisi huchagua ukubwa wa kalvati, yaani bomba la zege linalopitisha maji chini ya barabara, kwa kutumia rekodi za mvua za miaka iliyopita. Mvua kubwa ambayo zamani ilikuwa nadra ikianza kuja mara kwa mara, bomba lile lile hulemewa, maji hupanda juu ya barabara na kuimega ukingoni, na mama mjamzito wa upande wa pili hana pa kupita. Kosa la aina hiyo hufanyika mezani, miaka kadhaa kabla ya mafuriko, na msimamizi wa mazingira hayupo hapo. Muuguzi wa nyanda za juu naye anahitaji kujua kwamba joto likiongezeka, mbu wa malaria huweza kuishi mahali ambapo zamani baridi iliwazuia.

Sheria inamlazimu nani?

Kila idara ya serikali ya kitaifa inapaswa kuwa na kitengo cha tabianchi chenye wafanyakazi na fedha, kikiongozwa na afisa wa ngazi ya juu. Katika kaunti, gavana humteua waziri mmoja wa kaunti asimamie shughuli hizo, na kila mwaka wa fedha unapomalizika ripoti ya utekelezaji hupelekwa katika bunge la kaunti ijadiliwe. Mamlaka ya mazingira, NEMA, ina jukumu la kukagua iwapo taasisi zinatii.

Mtaalamu anatoka mjini. Atajua nini kuhusu malisho yetu?

Peke yake, atajua machache, na mafunzo mazuri humwambia hivyo tangu mwanzo. Katika Kaunti ya Isiolo, wafugaji walichora wenyewe ramani za visima, malisho ya kiangazi na njia za kuhamisha mifugo. Wataalamu wakazihamishia kwenye kompyuta ili zitumike katika kupanga. Mzee anayejua kisima kipi hukauka kwanza ana taarifa ambayo setilaiti haina, na afisa asiyemuuliza anaweza kuchimba kisima kipya mahali ambapo mifugo itamaliza nyasi zilizotunzwa kwa ajili ya kiangazi.

Huko Vihiga, watabiri wa jadi wa ukoo wa Nganyi, wanaosoma dalili za miti, wadudu na ndege, wamekuwa wakikaa na wataalamu wa hali ya hewa, kila upande ukitoa utabiri wake, kisha wanaafikiana ujumbe mmoja wa kuwapa wakulima.

Si semina za kula posho tu?

Wasiwasi huo una uzito, kwa kuwa fedha ni za umma. Posho ya safari kwa afisa aliye nje ya kituo chake inaruhusiwa, lakini haithibitishi kwamba amejifunza lolote. Angalia bajeti ya mwaka unaofuata: kama haina hata mstari mmoja wa mitaro, mbegu zinazostahimili ukame au vidimbwi vya maji, una haki ya kuuliza mafunzo yale yalizaa nini.

Tumesikia mafunzo haya ni njama ya kuuza hewa na kutwaa ardhi yetu.

Mafunzo ya maafisa hayahamishi umiliki wa ardhi ya mtu yeyote. Uvumi huu huenda unatokana na miradi ya kaboni, ambapo kampuni hulipia miti au malisho yanayohifadhi kaboni, na baadhi ya jamii zimelalamika kwamba hazikuelezwa vizuri. Kwa marekebisho ya mwaka 2023 ya Sheria ya Mabadiliko ya Tabianchi, mradi ulio katika ardhi ya jamii lazima uwe na mkataba wa maendeleo ya jamii, na mradi unaotegemea ardhi utoe kwa jamii angalau asilimia 40 ya mapato ya mwaka uliotangulia, gharama zikishaondolewa. Msitie sahihi kabla ya kusomewa mkataba kwa lugha mnayoielewa.

Utabiri ulisema mvua itakuwa nyingi, kwetu haikunyesha. Tuuamini?

Utabiri wa msimu hueleza uwezekano kwa eneo pana. Hauahidi mvua katika kila shamba. Tahadhari ya siku chache ni jambo jingine: ukiambiwa uhame bondeni, hama mapema. Usivuke maji yanayokimbia kwa miguu wala kwa gari, hata kama yanaonekana ya kina kifupi, na ukihitaji msaada piga 999 au 112.

Nitapataje mpango wa tabianchi wa kaunti yangu?

Andika ombi kwa Kiswahili au Kiingereza ukitumia Sheria ya Kupata Habari ya 2016. Huhitaji kueleza sababu. Kama hujui kusoma na kuandika, afisa anapaswa kukuandikia ombi lako na kukupa nakala. Jibu linatakiwa ndani ya siku 21, au saa 48 iwapo habari hiyo inahusu uhai au uhuru wa mtu. Ombi halilipiwi, ingawa unaweza kutozwa gharama ya kunakili. Ukinyimwa, una siku 30 za kupeleka malalamiko kwa Tume ya Haki za Utawala, ile ambayo wengi huiita Ombudsman.

Na kaunti ikikataa kutekeleza mpango huo?

Anza na kamati ya tabianchi ya wadi na mwakilishi wadi, kisha NEMA. Hatua ya mwisho ni Mahakama ya Mazingira na Ardhi: Kifungu cha 70 cha Katiba kinakuruhusu kwenda huko kutetea mazingira safi na salama, na hutadaiwa uthibitishe kwamba wewe binafsi umepata hasara au madhara.