Dondoo muhimu: Gofu la kiwanda lipigwe picha pamoja na watu wake

Wapiga picha wengi wakifika Gas Works Park, jijini Seattle, Marekani, husubiri watu wapungue ndipo waipige picha minara yenye kutu ya kiwanda cha zamani. Wanakosea. Kiwanda hicho kilizalisha gesi kwa makaa ya mawe, baadaye kwa mafuta, tangu 1906 hadi 1956. Mitambo ilinusurika kwa sababu msanifu Richard Haag alishikilia kwamba ibaki ndani ya bustani ya umma, iliyofunguliwa 1975. Picha isiyo na mtu huuficha ukweli huo, tena humnyima mtazamaji kipimo cha ukubwa wa minara.

Atasema mtu kwamba watoto na tiara zao huondoa uzito wa gofu. Huuondoa kiasi, naam, lakini kutu tupu yaweza kuwa ya popote pale. Panda kilima kilicho magharibi ya minara wakati wa alasiri: jua likiwa mgongoni mwako, kutu hutoa rangi yake halisi, na walioketi nyasini huijaza sehemu ya mbele ya picha. Uzio unaoizunguka minara nao si kisingizio. Sogeza lenzi hadi penye nafasi kati ya nyaya, fungua tundu lake kwa upana, na nyaya zitafifia. Usiuruke.